Deki Yenye Nia Moja: Hotuba kwa Wanaoanza Kuunda Deki za Magic

Ndugu wachezaji, wazazi mliowasindikiza watoto wenu, na nyote mliofika jioni hii, nawashukuru kwa kunipa nafasi ya kuzungumzia jambo ninalolipenda kwa dhati, nalo ni namna ya kuunda deki, yaani fungu la karata la mchezaji mmoja, katika mchezo wa karata wa Magic: The Gathering, deki inayojua inachokitaka na inayokifanya kila inapochezwa. Sitazungumzia karata zipi ni ghali, wala sitawapa deki ya kunakili. Nitazungumzia kazi inayofanyika kabla ya mchezo kuanza, pale mtu anapokuwa peke yake na lundo la karata mezani, akiamua zipi ziingie na zipi zibaki nje, kwa sababu naamini kwamba sehemu kubwa ya kushinda na kushindwa kwetu huamuliwa hapo.

Wengi wetu tulijifunza karata kwa michezo ya seti moja. Anayecheza arubastini au lasti kadi hugawiwa kutoka seti ileile wanayogawiwa wenzake, na ufundi wake wote huonekana katika kukumbuka kilichokwisha kutupwa, kuitunza turufu hadi wakati wake, na kumsoma aliyeketi mbele yake. Mwaka 1993 mwanahisabati wa Marekani aitwaye Richard Garfield, kupitia kampuni ya Wizards of the Coast, aliutoa mchezo ulioivunja desturi hiyo: kila mchezaji huja na deki yake mwenyewe, aliyoiunda kwa karata alizozichagua moja baada ya nyingine. Toleo la kwanza lilikuwa na aina 295 za karata, na leo aina hizo zimepita 20,000. Uhuru huo ndio utamu wa mchezo wetu na ndio mtego wake, maana anayeanza huona kila karata nzuri kuwa inamfaa, na hatimaye hujikuta na deki ya karata nzuri zisizosaidiana.

Ipo habari moja ya kale ya mchezo huu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa deki aijue. Kanuni za mwanzo kabisa ziliruhusu deki ya karata 40 bila kikomo cha nakala, na haikuchukua muda wachezaji kugundua kwamba ukirudia mara nyingi karata chache zenye nguvu, deki yako hufanya jambo lilelile kila mchezo, na mpinzani hana pa kupumulia. Mwaka 1994 kanuni za mashindano zikadai deki iwe na angalau karata 60, na nakala za karata yoyote zisizidi 4, isipokuwa ardhi za msingi ambazo hazina kikomo; ardhi ni karata zinazotoa mana, yaani nguvu ya kulipia karata nyingine. Kikomo hicho kiliwekwa kwa sababu marudio yana nguvu kupita kiasi yakiachwa huru. Basi mchezaji anayeweka nakala moja moja za karata tofauti amejinyima kwa hiari yake silaha ambayo kanuni zenyewe zililazimika kuipunguza makali.

Nguvu hiyo inapimika. Chukueni karata ya Lightning Bolt, ambayo kwa mana moja nyekundu humpunguzia mpinzani uhai 3 kati ya 20 anaoanza nao, na ukimwishia ameshindwa. Ukiweka nakala moja katika deki ya karata 60, uwezekano wa kuiona katika karata 7 za mwanzo ni chini kidogo ya asilimia 12. Nakala mbili zinakupa asilimia 22, tatu zinakupa asilimia 32 hivi, na nne zinakufikisha karibu asilimia 40. Sasa ziache nakala hizo nne kama zilivyo, ila uinenepeshe deki hadi karata 80 kwa kuwa hukutaka kuacha kitu nje: uwezekano unashuka hadi asilimia 31. Umetumia nakala nne na umepata matunda ya nakala tatu. Ndiyo maana nasisitiza, na sitachoka kusisitiza, kwamba kiwango cha chini cha kanuni ndicho kiwango chako. Karata ya 61 haiongezi chochote. Inazifukuza zile 60 bora zisikufikie mkononi. Wenzetu wa Yu-Gi-Oh!, mchezo mwingine wa karata, wanaruhusiwa karata kati ya 40 na 60 katika deki kuu, na nakala 3 za kila karata. Huko pia nakala tatu zinaonekana katika mkono wa kwanza wa karata 5 kwa asilimia 34 deki ikiwa na karata 40, na kwa asilimia 23 tu ikiwa na 60.

Lakini wingi wa nakala hauna maana ikiwa deki haijui inakokwenda. Kabla hujachagua karata ya kwanza, andika kwenye karatasi sentensi moja inayosema deki yako inashindaje, na inatarajia kushinda katika zamu ya ngapi. Nasema sentensi moja kwa makusudi. Ukihitaji sentensi tatu zilizounganishwa kwa «au», umeanza kuunda deki tatu ndani ya sanduku moja, na wahenga wetu walikwisha kutuonya kwamba mshika mawili moja humponyoka.

Hebu tuifanye kazi hiyo pamoja kwa deki nyekundu ya kushambulia, kwa kuwa hesabu yake iko wazi kuliko nyingine zote. Sentensi yetu inasema: deki hii inammalizia mpinzani uhai wake 20 kufikia zamu ya nne au ya tano. Ikiwa wewe ndiye unayeanza, hadi zamu ya nne utakuwa umeona karata 10, yaani 7 za mwanzo na 3 ulizovuta, maana anayeanza havuti karata katika zamu yake ya kwanza. Deki yenye ardhi 20 kati ya karata 60 ina theluthi moja ya ardhi, kwa hiyo katika zile 10 tatu hivi zitakuwa ardhi, na zitabaki 7 za kushambulia. Lightning Bolt inaondoa uhai 3. Lava Spike nayo inaondoa 3. Goblin Guide ni kiumbe cha mana moja chenye nguvu 2 kinachoweza kushambulia zamu ileile kilipoteremshwa; kikigonga mara mbili kabla hakijazuiwa kimeondoa 4. Ikiwa kila karata kati ya hizo 7 inaondoa wastani wa uhai 3, jumla ni 21, na mpinzani ana 20. Tazameni jinsi hesabu ilivyobana: ziada yetu yote ni uhai mmoja.

Sasa mtu anachukua Shivan Dragon. Ni karata nzuri, imo katika mchezo tangu toleo la kwanza, ni joka linaloruka lenye nguvu 5, na kila kijana akiliona hutamani kuliweka. Linahitaji mana 6, yaani ardhi 6 mezani. Katika deki yetu ya ardhi 20, uwezekano wa kuwa umekwisha kuona ardhi 6 ifikapo zamu ya sita, ukiwa ndiye uliyeanza, ni asilimia 15 tu. Katika michezo 85 kati ya 100, joka hilo likikuangukia mwanzoni litakaa mkononi mwako hadi mchezo uishe, na wakati huo wote wewe unacheza na karata 6 mahali pa 7. Sita mara tatu ni 18. Mpinzani anabaki na uhai 2, anapata zamu nyingine, na katika zamu hiyo anakushinda. Hatukupoteza mchezo huo kwa bahati mbaya. Tuliupoteza siku tulipoiweka ile karata. Joka hilohilo, ndani ya deki yenye ardhi 26 na karata za kuongeza mana, linaweza kuwa ndilo karata bora kuliko zote. Kwa hiyo swali la kujiuliza juu ya karata haliwi kamwe kama ni nzuri, bali ni kama inaitimiza ile sentensi uliyoiandika.

Jambo hili lilithibitishwa mapema katika historia ya mashindano. Mwaka 1996, katika mashindano ya kufuzu mjini Atlanta, Paul Sligh alicheza na deki nyekundu iliyobuniwa na Jay Schneider, deki ambayo baadaye ilibaki na jina la Sligh. Ndani yake zilikuwemo karata ambazo wachezaji wengi wa wakati ule walizidharau, mojawapo ikiwa Ironclaw Orcs, kiumbe cha mana 2 ambacho hakiruhusiwi hata kuwazuia viumbe wenye nguvu 2 au zaidi. Kilichoipa deki hiyo uzito ni mpangilio wa gharama zake. Schneider alipanga idadi ya karata za mana moja, za mana mbili na za mana tatu kwa namna ambayo mchezaji angetumia mana yake yote katika karibu kila zamu, ilhali mpinzani mwenye karata kubwa alikuwa bado anasubiri ardhi. Mana isiyotumika katika zamu yake haiwekwi akiba; imepotea. Tangu hapo, kupanga karata zako katika safu kwa gharama zake na kutazama safu hizo zinapanda na kushuka vipi imekuwa hatua ya lazima kwa kila muundaji makini.

Msidhani hata hivyo kwamba nia moja maana yake ni kushambulia tu. Katika miaka hiyohiyo ya 1990, Brian Weissman wa California alijulikana kwa deki ya kujihami iliyokwenda kinyume kabisa: ilizuia, iliondoa vitisho, ilimfanya mpinzani aishiwe karata, na kwa kumaliza mchezo ilitegemea Serra Angel wawili tu, viumbe wa aina ya malaika. Wawili katika deki nzima! Anayeanza angeona hiyo ni hatari, ila Weissman alielewa kwamba mpinzani akishaishiwa, malaika mmoja mwenye nguvu 4 anamaliza uhai 20 kwa zamu tano, na hakuna haja ya malaika wa tatu wala wa nne kujaza nafasi za karata zinazomlinda. Kati ya deki hizi mbili moja ilikuwa na viumbe wengi na nyingine karibu haikuwa nao, lakini katika zote mbili hakuna karata iliyokaa bila kazi.

Nije kwenye ardhi, ambazo wanaoanza huzipunguza kwa kuwa hazisisimui. Deki ya karata 60 yenye ardhi 24 inakupa ardhi kati ya 2 na 4 katika mkono wa kwanza kwa asilimia 77 hivi, na inakupa ardhi moja au hakuna kabisa kwa asilimia 14. Ukipunguza hadi ardhi 20, mikono ya ardhi moja au sifuri inafika karibu asilimia 25, yaani mkono mmoja katika kila minne. Deki nyekundu niliyoieleza inaustahimili upungufu huo kwa sababu karata zake nyingi zinahitaji mana moja tu. Deki inayotaka kufika mana tano haiwezi kuustahimili. Tangu mwaka 2019 kanuni zinamruhusu anayekataa mkono wa kwanza avute tena karata 7 kisha arudishe moja chini ya deki, na hilo limewasaidia sana wenye deki zilizopangika, lakini kila mkono unaokataliwa bado ni karata moja uliyoipoteza kabla ya kucheza.

Rangi, yaani aina za mana ambazo karata hudai na ambazo kila moja hutoka kwa ardhi zake, ndizo zinazoharibu deki nyingi zaidi, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Tuseme umegawa ardhi zako 24 nusu kwa nusu kati ya rangi mbili, 12 kwa 12. Katika asilimia 19 ya mikono yako ya kwanza hutakuwa na ardhi hata moja ya rangi fulani unayoitaka. Ukiongeza rangi ya tatu na kugawa 8 kwa 8 kwa 8, asilimia hiyo inapanda hadi 35, na hapo hatujazungumzia karata zinazodai mana mbili za rangi moja. Mholanzi Frank Karsten, mchezaji bingwa na msomi wa hisabati, amechapisha majedwali yanayoonyesha idadi ya ardhi za rangi inayohitajika ili karata fulani ichezeke kwa wakati wake, na ningependa kila mmoja wenu ayatafute na ayatumie. Kwa wasio na ardhi za rangi mbili, ushauri wangu ni thabiti: jengeni deki ya rangi moja. Ardhi za msingi zinapatikana kwa bei ya karibu na bure, na deki ya rangi moja iliyonyooka huwaadhibu wengi wanaokuja na rangi nne za kupendeza.

Kuhusu idadi ya nakala, nne ni kwa ile karata unayoitaka mapema na ambayo hujali kuivuta mara ya pili na ya tatu. Tatu ni kwa ile unayoihitaji lakini mbili mkononi zinalemeana, kama walivyo viumbe mashuhuri, ambao kanuni haziruhusu wawili wa jina moja wakae chini yako mezani kwa wakati mmoja. Mbili zinatosha kwa karata ya gharama kubwa ya kumalizia. Nakala moja iwe na sababu unayoweza kuitamka, kwa mfano kwamba unazo karata za kuitafuta ndani ya deki. Wanaocheza karata za Pokémon wanajua ukali wa nakala moja kuliko sisi, kwa kuwa deki yao ni ya karata 60 kamili na karata 6 huwekwa kando kama zawadi mwanzoni mwa mchezo. Nakala moja inayotegemewa hufungiwa humo katika mchezo mmoja kati ya kila kumi.

Wapo hapa wanaopenda Commander, namna nyingine ya kucheza Magic, ambapo deki ina karata 100 na, ukiacha ardhi za msingi, huruhusiwi kurudia karata. Nimewahi kusikia ikisemwa kwamba huko nia moja haiwezekani, nami sikubaliani kabisa. Usiporuhusiwa kurudia jina, rudia kazi. Ikiwa deki yako inahitaji kuongeza mana katika zamu ya pili, tafuta karata kumi tofauti za mana mbili zinazofanya hivyo, na kwa hesabu ya uwezekano umeweka nakala kumi za kitu kimoja. Waundaji wazuri wa Commander huhesabu deki zao kwa kazi: ngapi zinaongeza mana, ngapi zinavuta karata, ngapi zinaondoa vitisho, ngapi zinashinda. Hesabu hiyo ingefaa hata katika deki ya 60.

Deki ikishakamilika kwenye karatasi, ijaribuni kwa subira. Changeni karata, vuteni 7, tazameni, amueni kama mngeubakiza mkono huo, kisha changeni tena. Kazi hii haihitaji mpinzani, na kwa saa moja inakuonyesha kasoro ambazo mashindano mazima yangekuficha. Mkicheza na wenzenu, wekeni daftari, na baada ya kila mchezo andikeni karata iliyobaki mkononi mchezo ulipoisha. Jina linalojirudia katika orodha hiyo ndilo la kuondoa. Badilisheni jambo moja kwa wakati, tena baada ya michezo ya kutosha, maana anayebadilisha karata nane kwa sababu ya kipigo kimoja hatajua kamwe ni badiliko gani lililomsaidia. Naijua huzuni ya kuondoa karata uliyoipenda tangu siku ulipofungua pakiti yake, na siidharau huzuni hiyo. Itunze karata hiyo. Siku moja utaunda deki ambayo yenyewe ndiyo sentensi yake.

Limebaki suala la karata 15 za akiba, ambazo katika mechi ya michezo mitatu unaweza kuziingiza baada ya mchezo wa kwanza. Hapa deki nyingi nzuri huvunjwa na wenye nazo. Mchezaji wa deki nyekundu anakutana na mpinzani mwenye viumbe wa kumwongezea uhai, anaingiwa na hofu, anatoa karata tisa za mashambulizi na kuingiza tisa za kujibu, na ile hesabu ya saba mara tatu haipo tena: sasa ana deki inayoshambulia nusu na kujihami nusu, na haifanyi lolote kwa wakati. Ingizeni chache, tatu au nne, na kwa kila inayoingia mjue mapema ni ipi inayotoka. Pangeni hayo nyumbani, mkiwa mmetulia, kwa kila aina ya deki mnayotarajia kukutana nayo. Kanuni za mashindano zinawaruhusu kutazama kumbukumbu fupi mlizoziandika kabla ya mechi, kati ya mchezo mmoja na mwingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kuamua kwa pupa huku mpinzani anachanga karata zake.

Nawaomba sasa mtoe deki zenu na kila mmoja aandike sentensi yake, kisha azitenge pembeni karata zote ambazo haziigusi sentensi hiyo. Nitapita meza kwa meza, na maswali yenu nitayapokea tukiwa na karata mbele yetu. Asanteni sana.